Kuvu rafiki, miche ya chupa au wembe safi: kuchagua kinga ya virusi kwa okidi za Tanga

Okidi ikishaingiwa na virusi haiponi. Hakuna dawa ya kupuliza itakayovitoa, wala mbolea, wala maji ya majivu. Mmea utaishi navyo mpaka mwisho wake, na kila ukikatwa utavigawa kwa wenzake. Mtu anayezipenda okidi zake anabaki na swali moja: nizikinge vipi kabla?

Hapa Tanga swali hilo linawahusu watu wa aina mbili ambao mara nyingi hawajuani. Wapo wenye maua nyumbani, Raskazone, Chumbageni, Pongwe, ambao Dendrobium zao zimefungwa kwenye makumbi ya nazi na Vanda zinaning'inia barazani mizizi ikiwa hewani. Wapo pia wakulima wa vanila wa Muheza, kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, wanaopandisha marando juu ya miti katikati ya iliki na pilipili manga. Vanila nayo ni okidi, na baadhi ya virusi vinavyoharibu ua la barazani ndivyo vinavyodumaza shamba.

Majibu yanayotolewa ni matatu. La kwanza ni kuvu rafiki wa mizizi, yaani maikoriza, ambazo huishi ndani ya mizizi ya okidi na kuuamsha mwili wa mmea ujilinde. La pili ni kuanza na miche safi iliyokuzwa kwenye chupa maabara. La tatu ni usafi wa visu, mikono na vyungu, pamoja na kutenga mimea mipya na inayoshukiwa. Nayalinganisha hapa kwa sababu nasikia la kwanza likisifiwa kana kwamba linaondoa haja ya mengine, na mtu akiamini hivyo anaweza kupoteza mimea aliyoilea kwa miaka.

Kwanza tumjue adui

Virusi viwili ndivyo vilivyoenea zaidi kwenye okidi za kupandwa duniani. Kimoja ni virusi vya mozaiki ya Cymbidium, vinavyofupishwa CymMV, na kingine ni virusi vya mabaka-pete ya Odontoglossum, ORSV. Majina hayo yasikudanganye: hushika Dendrobium, Cattleya, Phalaenopsis, Vanda, na CymMV imepatikana hata kwenye vanila. Kwenye majani utaona michirizi iliyopauka, mabaka yaliyozama na kugeuka meusi, au pete za manjano. Kwenye ua rangi hukatikakatika au petali hupata madoa ya kahawia siku chache baada ya kuchanua. Mara nyingi lakini hutaona kitu. Mmea unaweza kubeba virusi miaka na miaka ukiwa kijani na ukitoa maua mazuri, na hili ndilo jambo la kukumbuka katika yote yatakayofuata.

CymMV na ORSV husafiri kwa utomvu. Kisu kilichokata shina moja kikaingia lingine, kucha iliyokonyoa ua lililonyauka, chungu kilichotumika, kamba iliyofungia mmea wa zamani, maji yanayochuruzika kutoka chungu cha juu kwenda cha chini. Hakuna mdudu anayejulikana kuvisambaza kwa kiasi cha kutisha. ORSV ni wa ukoo mmoja na virusi vya mozaiki ya tumbaku, na kama ndugu zake ni kigumu kufa. Hubaki hai kwenye chuma na kwenye udongo mkavu kwa muda mrefu.

Vanila ina maadui zaidi. Virusi vya mozaiki ya tango, vya mozaiki ya tikiti na vya mozaiki ya vanila hubebwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Hivyo vya mozaiki ya vanila, vilivyojulikana huko Polinesia ya Ufaransa, ni ndugu wa karibu mno wa virusi vya mozaiki ya magimbi. Mkulima mwenye magimbi bondeni na vanila juu yake alifikirie hilo.

Milango basi ni mitatu: kisu, mche wenyewe ulioingia ukiwa tayari mgonjwa, na mdudu.

Vigezo nilivyotumia

Nimeziuliza njia zote tatu maswali yaleyale. Inafunga mlango upi kati ya hiyo mitatu? Inamsaidia vipi mmea ambao tayari unaugua? Inapatikana Tanga, na kwa gharama na kazi gani? Inaweza kuleta madhara gani? Kisha, inamfaa nani?

Inafunga mlango upi?

Kuvu nazipa nafasi kubwa hapa, kwa sababu ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko zote.

Mbegu ya okidi ni vumbi. Haina akiba ya chakula kama punje ya mahindi, hivyo porini haioti mpaka iingiliwe na kuvu itakayoilisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua hilo mwaka 1899. Kuvu hizo, za jamii za Tulasnella, Ceratobasidium na Serendipita, ambazo zamani ziliwekwa pamoja kwa jina la Rhizoctonia, huingia ndani ya seli za mzizi na kujiviringisha humo kuwa vifundo vidogo. Mmea huviyeyusha vifundo hivyo na kufyonza sukari, naitrojeni na fosforasi iliyomo. Ni ujirani wenye mivutano: okidi humkaribisha mgeni, humla, na wakati huohuo humwekea mipaka asije akaozesha nyumba.

Kinga inatokea kwenye mipaka hiyo. Ili kumdhibiti mgeni, mmea huamsha vimeng'enya na kemikali za kujihami, na mwamko huo hauishii mzizini. Hupanda hadi majani. Ndipo lilipotoka wazo kwamba okidi yenye kuvu rafiki ikikutana na virusi itakuwa imeshaamka. Watafiti wa Indonesia wamelijaribu kwa kuchanja okidi kuvu za kundi la Rhizoctonia kisha kuziambukiza ORSV, na wakaripoti dalili kupungua kwenye mimea iliyochanjwa. Ni habari njema na naifurahia, kwa sababu inaheshimu jinsi okidi inavyoishi tangu asili.

Lakini ziangalie na habari za mimea mingine. Kwenye nyanya, kuvu za mizizi za aina nyingine zimewahi kupunguza ukali wa virusi vya kujikunja kwa majani ya manjano. Kwenye tumbaku, mimea yenye kuvu za mizizi iliwahi kupata madonda mengi zaidi ya virusi vya mozaiki kuliko isiyo na kuvu. ORSV, kama nilivyosema, ni wa ukoo huohuo. Ninachojifunza ni kwamba matokeo hutegemea kuvu gani, mmea gani na virusi gani, na mtu asichukue matokeo ya okidi moja akayatandaza juu ya zote.

Jingine: kuvu haifungi mlango hata mmoja kwa maana ya kumzuia mgeni asiingie. Wembe wenye utomvu mgonjwa ukikata shina, virusi vimeingia. Kidukari akidunga, vimeingia. Kuvu inachoweza kufanya ni kuufanya mmea usikubali kirahisi virusi vizaliane na kuenea. Hata hilo linahitaji kuvu iwepo kweli mzizini, na kwenye okidi zinazoishi juu ya miti kuvu hukaa zaidi pale mzizi unapogusa gome au kumbi. Mizizi ya Vanda inayoning'inia hewani huwa na kuvu kidogo au haina kabisa. Mwenye Vanda za kuning'iniza asitegemee mengi kutoka upande huu.

Miche ya chupa hufunga mlango wa pili, na huufunga vizuri mno. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu ya okidi inaweza kuota bila kuvu ikipewa sukari ndani ya chupa safi. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel akaenda mbali zaidi: alichukua ncha ndogo kabisa ya chipukizi la Cymbidium mgonjwa, mahali ambapo virusi huwa bado havijafika, akaikuza hadi kupata mmea safi. Ufugaji wote wa okidi wa kisasa umesimama juu ya watu hao wawili. CymMV na ORSV kwa kawaida havipiti kwenye mbegu, kwa hiyo mche wa mbegu wa chupa ni salama siku unapotoka. Mche wa ncha ya chipukizi ni salama kama mama yake alipimwa. Kama hakupimwa, maabara inaweza kuzalisha maelfu ya wagonjwa wanaofanana, na hilo limetokea kwenye biashara ya okidi duniani. Baada ya kutoka kwenye chupa, mche hauna kinga yoyote ya ziada dhidi ya kisu chako wala dhidi ya vidukari.

Usafi hufunga mlango wa kwanza karibu kabisa, na kutenga hufunga nusu ya mlango wa pili. Kwa vidukari usafi wa kisu hausaidii kitu. Huko kinachosaidia ni kupalilia magugu na kutopanda matikiti, maboga na magimbi kandokando ya vanila.

Mmea unaougua tayari

Hapa hakuna njia inayoponya, isipokuwa ile ya Morel, ambayo hufanyika maabara na inastahili tu kwa mmea wa thamani ya pekee. Usafi hauuponyi mgonjwa, unawalinda wenzake.

Kuvu rafiki, kwa mmea unaougua, nadhani ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu kuliko popote. Tuseme inafanya kazi: majani yanarudi kuwa mazuri, michirizi inafifia, ua linachanua bila madoa. Mwenye mmea anafurahi, anaurudisha kwenye kundi, mwakani anaugawa vipande vinne na kuwapa majirani. Virusi bado vimo. Kupungua kwa dalili si kuondoka kwa ugonjwa, na mahali ambapo watu wengi hatuna kipimo ila macho, kitu kinachofuta dalili kinaweza kutupofusha. Ukichanja kuvu mmea unaoushuku, uweke alama na usiuondoe kwenye karantini kwa sababu tu umependeza.

Vipo vipimo vya vijiti vya CymMV na ORSV. Hutumika kama kipimo cha haraka cha malaria: unasaga kipande cha jani kwenye kimiminika, unachovya kijiti, mistari inakujibu. Huagizwa nje. Kikundi cha walezi wa okidi kikichangishana kwa ajili ya mimea mama tu, fedha hiyo itawafaa kuliko pakiti yoyote ya unga wanayoweza kununua.

Upatikanaji, gharama na kazi

Usafi unaanza leo dukani kwa jirani. Nyembe, jiki, kibiriti. Nitaeleza kwa urefu kwa kuwa makosa mengi yapo hapa.

Njia rahisi kuliko zote ni wembe mmoja kwa mmea mmoja, kisha unatupwa. Mwenye mkasi mzuri asioweza kuutupa auchome kwenye moto wa jiko la gesi mpaka upate moto sawasawa, auache upoe, ndipo akate mmea unaofuata. Jiki ya asilimia 3.5 ukichanganya sehemu moja kwa sehemu sita za maji unapata nguvu ya asilimia 0.5, loweka mkasi humo dakika kadhaa, usuuze, uukaushe kwani jiki hula chuma. Mchanganyiko utengenezwe siku hiyohiyo. Spiriti, ambayo wengi huipenda kwa sababu inakauka upesi, ni dhaifu mbele ya virusi vya ukoo wa mozaiki ya tumbaku, usiitegemee. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 200 kwa lita ya maji, yamethibitika kuvinyong'onyeza virusi vya ukoo huo, na ni mazuri kwa kuchovya mikono na vifaa unapohamisha mimea mingi kwa mkupuo. Makumbi na mkaa uliotoka kwenye chungu cha mmea mgonjwa visitumike tena. Tanga makumbi hayajatuishia hata tuyarudie.

Kazi yake ni ya kila siku unayogusa mimea, na hapo ndipo watu huchoka. Mwezi wa kwanza kila mtu ni msafi.

Miche ya chupa ni ghali zaidi kwa mche na inataka subira. Maabara za kukuza mimea kwenye chupa zipo nchini. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Mikocheni, Dar es Salaam, kinafahamika kwa kazi hiyo na kwa upimaji wa virusi vya mihogo. Okidi si zao lao la kila siku, lakini kikundi chenye oda ya kueleweka kinaweza kwenda kuuliza. Anayeagiza nje ajue kwamba okidi zote zipo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Miche iliyomo ndani ya chupa zisizo na vimelea husamehewa masharti ya mkataba huo kwa okidi nyingi, lakini kibali cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, bado ni lazima. Mche ukifika, unahitaji kukomazwa kivulini kwa unyevu wa juu, polepole, na joto la kaskazi la Januari na Februari huua miche laini kwa siku chache. Ukiweza kupanga, itoe chupani masika inapoanza.

Kuvu ndizo zenye tatizo kubwa la upatikanaji, na tatizo lenyewe limejificha. Pakiti za maikoriza zinazouzwa kwa wakulima wa mahindi, nyanya na miche ya miti zina kuvu za aina nyingine kabisa. Hizo za mazao haziingii kwenye mizizi ya okidi. Hazina ubaya, mahindi yako yatazifurahia, ila kwenye chungu cha Dendrobium umemwaga unga tu. Trikoderma, kuvu nyingine inayouzwa kwa wakulima wa mboga, nayo si maikoriza. Inaweza kusaidia dhidi ya kuoza kwa mizizi, jambo jema, lakini usihesabu kwamba umeikinga okidi na virusi.

Kuvu ya kweli ya okidi hupatikana kwa kukata mzizi hai wa spishi hiyo au ya jirani yake, kutoa vile vifundo chini ya hadubini, kuvikuza kwenye sahani ya maabara, kuhakikisha ni kuvu inayotakiwa, ndipo kuichanja kwenye miche. Ni kazi ya maabara yenye mtu anayejua. Atakayekuuzia kuvu ya okidi muulize mambo mawili: ilitolewa kwenye okidi gani, na imejaribiwa kwenye okidi gani. Asipoweza kujibu, shika fedha yako.

Madhara yanayowezekana

Kwa kuwa kuvu ya okidi ni adimu, watu huanza kubuni. Mmoja anakatakata mizizi ya mmea mzee na kuichanganya kwenye chungu cha mche, akisema anahamisha kuvu. Anahamisha, labda. Lakini CymMV na ORSV huenea mwili mzima wa mmea, mizizi ikiwemo, na mizizi iliyokatwa inavuja utomvu. Katika kutafuta kinga unaweza kuwa umefanya uchanjaji kamili wa ugonjwa.

Mwingine anapanda Amani kuchukua udongo wa msituni na magome yenye okidi. Hili linaniumiza. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kutoa kitu humo bila kibali ni kosa. Hata bila sheria, misitu ya Usambara Mashariki imebeba mimea isiyopatikana kwingine, na kila gome linalobanduliwa linaondoka na mbegu, kuvu na wadudu wanaotegemeana. Isitoshe udongo huo hautabagua: ndani yake mna kuvu rafiki na mna ndugu zao wanaoozesha mizizi, wote kwa pamoja, na wewe huna hadubini.

Kuna pia mgongano kati ya kuvu rafiki na dawa za ukungu. Masika huku pwani, unyevu ukizidi, wengi wetu tunapuliza dawa ili majani yasioze. Dawa nyingi za ukungu hazimjui rafiki. Kuvu uliyoitafuta kwa taabu inaweza kufa au kudhoofu. Mbolea ya nguvu kila wiki nayo hupunguza uhusiano wa mmea na kuvu, kwani mmea ulioshiba hauna sababu ya kumkaribisha mpangaji. Anayechagua kuvu anachagua pia namna nyingine ya kulea: hewa ya kutosha, kumwagilia asubuhi, mbolea nyepesi, dawa inapobidi tu.

Miche ya chupa madhara yake ni ya kumtuliza mtu kupita kiasi, pamoja na lile la mama asiyepimwa. Usafi hauna madhara, ila jiki ni ya vifaa na vyungu; isimwagwe kwenye mizizi.

Nani anafaidika na ipi

Usafi unamfaa mwenye mimea mingi ya umri tofauti, iliyotoka kwa watu tofauti, anayegawa na kubadilishana. Miche ya chupa inamfaa anayeanza upya au anayetaka mimea mingi ya aina moja kwa kuuza. Kuvu inamfaa mwenye subira na mwenye uhusiano na maabara, anayeotesha okidi za asili kutoka mbegu, au anayekomaza miche iliyotoka chupani. Mche wa Knudson ulikulia kwenye sukari, hauna kuvu kabisa, na kuchanjwa kuvu sahihi huweza kuusaidia kuvuka wiki ngumu za mwanzo, kushika mizizi na kustahimili kuoza. Kwa faida hizo peke yake kuvu inastahili, hata kama suala la virusi lingewekwa kando. Njia ya pili na ya kwanza zinapokezana vizuri.

Kulingana na hali yako

Kama una okidi za barazani, kumi au ishirini, na majani ya baadhi yana michirizi ya kutia shaka, usinunue kuvu sasa. Tenga zenye dalili upande ambao maji yake hayachuruzikii nyingine, anza wembe mmoja kwa mmea mmoja, zihudumie za karantini mwisho kila siku. Ile yenye mabaka yaliyozama na maua yaliyokatika rangi ichome moto. Usiitupe kwenye lundo la mboji. Kama ni zawadi ya marehemu bibi na moyo hauruhusu, iache iishi peke yake mbali, na usiigawe kwa mtu.

Kama unapokea mimea kutoka kwa marafiki, weka kila mgeni pembeni mpaka umeona majani mapya na ikiwezekana maua. Ni miezi, si wiki. Wageni wasikae kwenye waya mmoja na wenyeji.

Kama unataka kufungua bustani ya kuuza okidi mjini, weka fedha kwenye miche ya mbegu ya chupa au ya mama waliopimwa, na usichanganye kamwe na mimea ya kuokota huku na huku. Visu vya sehemu ya kuuzia na vya sehemu ya kuzalishia viwe mbalimbali. Ukipata maabara itakayokupa kuvu iliyojaribiwa kwenye aina unayokuza, chanja nusu ya miche, acha nusu, uone kwa macho yako ipi inashika mizizi haraka na ipi inakufa kidogo. Matokeo hayo ya Tanga, kwa joto letu na makumbi yetu, hayapatikani kwenye kitabu.

Kama ni mkulima wa vanila Muheza, hatari yako ya kwanza ni marando. Mmea unachukua kama miaka mitatu kutoa maua, kwa hiyo rando gonjwa linakula muda wako kabla hujajua. Tembelea shamba mama mwenyewe, angalia majani machanga kama yamejikunja au yana mozaiki, yaani mabaka yaliyopauka, kataa marando kutoka mstari wenye mmea mmoja wa hivyo. Badili wembe kati ya mmea na mmea unapokata. Sogeza magimbi, maboga na matikiti mbali. Kuvu rafiki za vanila hukaa kwenye mizizi inayotambaa ndani ya majani makavu, kwa hiyo matandazo mazito yanayooza taratibu, yasiyolowa maji na yasiyopuliziwa dawa ovyo, yanazipa makazi bila kununua chochote. Hazitavizuia virusi vya kidukari, lakini mzizi wenye afya ni jambo kubwa kwako, maana kuoza kwa mizizi kwa Fusarium, kuvu adui, ndiko kunakomaliza mashamba mengi ya vanila.

Na kama wewe ni mwalimu, mwanafunzi au kikundi cha uhifadhi kinachotaka kuotesha okidi za asili za Usambara, Ansellia, Aerangis, Polystachya na nyingine, anza na kuvu. Kwenu hazina mbadala wa kweli, kwa sababu mche utakaorudishwa msituni bila kuvu yake utakuwa mgeni nyumbani kwao. Ombeni kibali, shirikianeni na maabara, chukueni mbegu kidogo kutoka tunda moja badala ya kung'oa mmea. Kabla ya kurudisha mche wowote msituni upimeni CymMV na ORSV, hata kama unang'aa kwa afya, kwa kuwa virusi vya barazani vikifika kwenye okidi za porini Amani hakuna atakayeweza kwenda kuzitenga.